Prosesa ina AES, mbona diski inajikokota?

"Fundi, mashine yako ina kwikwi." Mama mhasibu wa ofisi moja hapa Tanga alinipokea hivyo Jumatatu moja, hata salamu haijaisha. Wiki iliyopita yake nilikuwa nimehamisha seva yao ya mafaili kutoka kwenye kompyuta kuukuu na kuiweka ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu), kwenye kompyuta yenye Core i5 ya kizazi cha nne. Debian ileile (aina ya Linux), LUKS ileile (mfumo wa Linux wa kusimba diski, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo). Lakini faili la mishahara lililokuwa likinakiliwa kabla chai haijapoa, sasa lilitaka chai na maandazi yake.

Kosa lilikuwa langu. Nieleze nilivyolitafuta, maana njia ni ileile kwa yeyote mwenye Linux na diski iliyosimbwa.

AES, njia ya usimbaji inayotumiwa na LUKS ile, husimba data vipandevipande vya baiti 16. Kwa ufunguo wa biti 256, kila kipande hupitishwa raundi 14 za kuchanganya na kubadilisha. Prosesa isiyo na msaada hupiga hesabu hiyo hatua kwa hatua. Yenye AES-NI, maagizo ambayo Intel walianza kuyaweka kwenye prosesa zao mwaka 2010, hukamilisha raundi nzima kwa agizo moja. Ila prosesa kuwa nayo ni mwanzo tu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, lazima iyaone, draiva ya kuyatumia ipakiwe, na LUKS iishike draiva hiyo na si nyingine. Pakikatika popote hapo, huoni ujumbe wa kosa. Kazi inafanyika, polepole, na lawama anabebeshwa fundi.

Anza na prosesa:

grep -m1 -ow aes /proc/cpuinfo

Ikijibu "aes", songa mbele. Ikikaa kimya, sababu ni moja kati ya tatu. Huenda prosesa yenyewe haina: i3 za kizazi cha pili na cha tatu kwa kawaida hazina, ingawa i5 za rika lao zinazo. Ukinunua kompyuta ya mtumba, jambo hili ni la kuuliza kabla hujatoa pesa. Huenda AES imezimwa kwenye BIOS. Au uko ndani ya mashine pepe, na hapo ndipo nilipojikwaa mimi. Niliendesha amri hiyo kwenye kompyuta yenyewe, ikajibu. Ndani ya mashine pepe, kimya.

QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, huipa prosesa ya kuigiza, na aina za kvm64 na qemu64 hazionyeshi AES hata kama prosesa halisi inayo. Mimi niliacha kvm64 kwa uvivu wa kutofungua ukurasa mmoja wa mipangilio. Nikabadilisha aina ya prosesa kuwa host, nikaizima mashine pepe kabisa, nikaiwasha. Kuiwasha upya kutoka ndani hakutoshi, kwa sababu QEMU ileile ya mwanzo inaendelea kukimbia. Ubaya wa host ni kwamba huwezi kuihamisha mashine pepe ikiwa hai kwenda kwenye kompyuta yenye prosesa tofauti. Ofisi ile ina kompyuta moja, sikuwa na cha kupoteza.

Sasa draiva:

lsmod | grep aesni

Unatafuta aesni_intel (jina lisikutishe, AMD nao hutumia hiyohiyo). Isipokuwepo, jaribu modprobe aesni_intel. Lakini usiamini lsmod peke yake, kwani baadhi ya kerneli zimejengwa na draiva hiyo ndani kwa ndani. Orodha ya kuaminika iko /proc/crypto. Ifungue kwa less, utafute xts(aes), namna ya AES ambayo LUKS hutumia kwa kawaida, uangalie mstari wa driver na wa priority (kipaumbele). Kerneli huchagua yenye priority kubwa zaidi. Ile ya kawaida isiyotegemea kifaa chochote, aes-generic, ina 100. Aes-aesni ina 300. Ukikuta xts inayotajwa ni ile ya aes-generic tu, umempata mwizi.

Kuna mtego hapa. Diski ya LUKS hushika draiva wakati inapofunguliwa, na haiiachi. Ukipakia aesni_intel baadaye, diski iliyokwisha kufunguliwa itaendelea na draiva yake ya zamani mpaka uifunge na kuifungua tena. Kwa diski ya mfumo, inayofunguliwa mapema kabisa, hakikisha draiva imo kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka): kwenye Debian andika aesni_intel ndani ya /etc/initramfs-tools/modules, kisha update-initramfs -u, kisha washa upya.

Mwisho pima:

cryptsetup benchmark

Tazama mstari wa aes-xts. Pale ofisini, kabla sijabadilisha, haukufika MiB 300 kwa sekunde. Baada ya kubadilisha ulipita 1,500. Kipimo hiki hufanyika kwenye RAM pekee, hakigusi diski. Kwa hiyo kikiwa kizuri na kunakili bado kunasuasua, waza diski au kebo. Angalia pia cryptsetup luksDump: diski za zamani zinaweza kuwa za aes-cbc, namna nyingine ya AES, ambayo katika kuandika kila kipande hungoja kilichotangulia, hivyo hata AES-NI haiipi mbio zake zote.

Programu kama OpenVPN, inayosimba mawasiliano ya mtandao, ni habari nyingine. OpenSSL, maktaba yake ya usimbaji, inayaita maagizo ya prosesa moja kwa moja bila kupitia draiva ya kerneli, basi usihangaike na lsmod kwa ajili yake. Na kadi za pembeni za kusimba kama Intel QAT, zenye draiva na firmware yake, ni za vituo vikubwa vya data. Kupeleka mzigo mdogo kwenye kadi na kuurudisha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuusimba palepale.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndiyo huwachanganya wengi. Pi 4 haina maagizo ya AES, Pi 5 inayo, na hakuna draiva itakayoipa Pi 4 kisichokuwemo. Hapo badilisha usimbaji wenyewe. Adiantum, waliyoitoa Google mwaka 2019 kwa simu za bei nafuu zisizo na AES, imo ndani ya Linux tangu toleo 5.0. Ilinganishe kwanza:

cryptsetup benchmark -c xchacha12,aes-adiantum -s 256

Kwenye Pi 4 yangu ya nyumbani, inayotunza picha za familia juu ya kabati, Adiantum iliiacha AES mbali kwenye kipimo hicho. Nikahamisha picha zote, nikaisimba diski upya kwa xchacha12,aes-adiantum-plain64, nikazirudisha. Ilinila Jumapili nzima, sehemu kubwa nikisubiri kebo ya USB.