Kuchoma Nyama kwa Mapenzi: Mwongozo kwa Mkazi wa Dodoma

Mtu anayependa kula nyama choma na mtu anayependa kuchoma nyama ni watu wawili, na ingawa huketi meza moja, wa pili ndiye anayenufaika zaidi. Mlaji hupata mlo. Mchomaji hupata sababu ya kwenda mnadani, ya kufahamiana na wafugaji na wauza bucha, ya kukaa mahali pamoja kwa saa mbili akiwa na kazi moja tu mikononi, na ya kuwaita watu anaowapenda nyumbani kwake. Mwongozo huu unamhusu mkazi yeyote wa Dodoma, lakini nimewafikiria hasa waliohamia hapa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamishia shughuli zake makao makuu. Wengi wao familia zimebaki mbali, jioni zao hupita chumbani, na mwisho wa wiki hula nyama iliyochomwa na mtu wasiyemjua, ya mnyama wasiyejua ametoka wapi. Kwa mtu kama huyo sijui burudani nyingine inayomwingiza katika maisha ya mji huu upesi kama kujifunza kuchoma mwenyewe.

Anza na nyama, yaani anza na watu

Mnada wa Msalato hufanyika kila Jumamosi, na ndiyo shule ya kwanza. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wachomaji hawajazidiwa na wateja. Usianze kwa kuuliza bei. Salimia kwanza, na ukiweza kusema "mbukwa" kwa mzee wa Kigogo aliyesimama na mbuzi wake, utaona mazungumzo yanavyobadilika. Eleza kwamba unajifunza kuchoma, kisha omba uonyeshwe mbuzi anayefaa. Wafugaji wa Dodoma wana elimu kubwa ya mifugo yao na hawaoni uchoyo kuitoa kwa anayeuliza kwa heshima.

Utakachoonyeshwa kwanza ni meno. Mbuzi mchanga ana meno madogo ya utotoni. Akipita umri wa mwaka mmoja hivi, mawili ya mbele katika taya la chini hutoka na nafasi yake huchukuliwa na mawili makubwa. Huyo wa meno mawili ndiye mzuri wa kuchoma, kwa maana nyama yake imeshapata ladha na bado haijakakamaa. Kisha pitisha vidole mgongoni na kwenye kidari ili kupima unono. Beberu mzima ambaye hajahasiwa ana harufu kali ambayo moto hauiondoi, kwa hiyo mwache. Mbuzi wetu wa kienyeji ni mdogo: mwenye uzito wa kilo 25 akiwa hai hutoa takribani kilo 11 au 12 za nyama na mifupa, na hesabu hiyo itakusaidia unapochanga fedha na majirani.

Sharti moja halina mjadala: mnyama achinjwe mahali panapotambuliwa na nyama ikaguliwe na kupigwa mhuri. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu katika mkoa huu, na ugonjwa huo huambukizwa pamoja na mambo mengine kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kimeta nacho ni hivyo hivyo. Mnyama anayeuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "anaumwa kidogo" asikanyage nyumbani kwako.

Nyama ya mnyama aliyechinjwa saa chache zilizopita huwa imekaza misuli, na ukiichoma katika hali hiyo itakuwa ngumu hata moto uwe mzuri kiasi gani. Wachomaji wa mnadani hulimaliza jambo hili kwa kuipeleka motoni mara tu baada ya kuchinja, kabla haijakaza. Wewe wa nyumbani fanya kinyume chake: iache kwenye friji hadi kesho yake. Kama hununui mbuzi mzima, mwombe mwenye bucha mkono au mbavu kabla ya kuomba paja. Paja lina mnofu mwingi lakini hukauka haraka, ilhali mkono una mafuta na viungo vinavyoilinda nyama wakati unajifunza. Ukimzoea mwenye bucha huyo mmoja, baada ya muda ataanza kukuwekea kipande kizuri bila kuombwa, na uhusiano wa namna hiyo ni utajiri kwa mtu aliye ugenini.

Tafuta pia nafasi ya kujua mifugo inakotoka. Kongwa, ambako Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940 na kushindwa, kwa sehemu kwa sababu ya ukame, leo kuna Ranchi ya Taifa inayofuga ng'ombe aina ya Boran, na kituo cha TALIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, kinachotunza mbuzi aina ya Malya, waliotokana na kuchanganya damu ya mbuzi wa kienyeji na mbegu mbili za nje. Mtu aliyekuwa anajua "mbuzi" tu huanza kuuliza ni mbuzi wa namna gani, amelishwa nini, na amelelewa wapi.

Moto wa Dodoma

Fundi wa kuchomelea yeyote mtaani atakutengenezea jiko la nusu pipa. Hakikisha pipa halikuwahi kubeba kemikali, mwambie aache sentimita 15 hadi 20 kati ya mkaa na wavu, na kataa wavu uliopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Nondo nyembamba zisizopakwa kitu zinatosha.

Upepo ndio utakaokusumbua kuliko kitu kingine. Miezi ya kiangazi hapa upepo huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki, hubeba vumbi na hufanya mkaa uungue mara mbili ya kasi yake. Weka jiko nyuma ya ukuta unaolikinga upande huo, au simamisha bati. Usidanganyike kulihamishia ndani ya nyumba au kwenye veranda iliyofungwa, kwani hewa ya mkaa huua bila kutoa harufu ya kukuonya.

Washa kwa karatasi na vijiti vikavu. Mafuta ya taa na mifuko ya plastiki huacha ladha mbaya na sumu kwenye nyama. Epuka mbao zilizopakwa rangi, na usitumie kabisa minyaa, ile miti ya kijani ya uzio inayoonekana kila kijiji, kwa kuwa utomvu wake ni sumu na unaweza kuumiza macho vibaya. Subiri mpaka kila kipande cha mkaa kivae majivu ya kijivu, jambo linalochukua kama nusu saa, kisha usogeze mkaa wote upande mmoja wa jiko. Sasa una upande wa moto mkali na upande wa joto la taratibu, na huko kuwa na pande mbili ndiko kunakomtofautisha mchomaji na mtu anayeunguza. Weka kiganja juu ya wavu, umbali wa sentimita 10 hivi, na uhesabu taratibu: ukilazimika kukiondoa kabla ya tatu, hapo ni pakali, ukifika sita au saba, hapo ndipo nyama itakapokaa muda mrefu.

Tuna hazina moja ambayo mikoa mingi haina. Mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na kwingineko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mizabibu inapopogolewa hubaki matawi mengi ambayo mara nyingi huchomwa tu shambani. Huko Bordeaux, nchini Ufaransa, watu huchoma nyama ya ng'ombe kwa matawi kama hayo na kujivunia jambo hilo, kwani huwaka kwa ukali, hufanya makaa madogo upesi na kutoa moshi mtamu. Muulize mkulima kama mizabibu ilipigwa dawa karibuni. Kama haikupigwa, chukua matawi, yaanike miezi kadhaa, kisha tupia konzi moja juu ya mkaa dakika kumi za mwisho. Unaweza hata kuyatumia kuanzishia moto na kupunguza mkaa unaonunua. Mkaa una gharama kwa misitu yetu, na Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelisema hilo wazi. Kwa hiyo anayependa kuchoma afanye kazi hiyo kwa kiasi, apikie siku nyingine kwa gesi au umeme, na akimaliza aufunike mkaa uliobaki ili uzimike kwa kukosa hewa na utumike tena.

Mkono wa mbuzi, hatua kwa hatua

Chukua mkono mzima wenye kilo moja na nusu hadi mbili. Upake chumvi laini, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa kila kilo, na uache kwa saa moja. Mwanzoni chumvi huvuta maji juu, nyama ikaonekana imelowa. Baada ya muda maji hayo hurudi ndani yakiwa yamebeba chumvi, na ngozi ya juu huanza kukauka. Hapo iko tayari. Ndimu na pilipili ziache kwa ajili ya kachumbari. Najua wengi huloweka nyama kwa viungo kumi, lakini mbuzi wa Dodoma ana ladha yake, na kuificha ni kumkosea.

Weka mkono kwenye upande wa joto la taratibu, upande wenye mifupa ukitazama chini, na uufunike kwa sufuria kubwa au bati safi. Kisha usifanye kitu kwa muda mrefu, jambo ambalo ni gumu kuliko yote. Tishu ngumu zinazoshikilia misuli huanza kulainika na kuwa kama mchuzi mzito nyama inapopita joto la nyuzi 70, na kazi hiyo inahitaji muda wala haikubali kuharakishwa. Geuza kila baada ya dakika 20. Sikiliza: tone la mafuta likianguka na kulia mara moja kisha kukawa kimya, joto ni zuri; sauti ikiwa mfululizo na moto kuruka, sogeza nyama mbali. Baada ya saa moja na nusu hivi utaona nyama imejivuta kutoka kwenye ncha ya mfupa, na ukishika mfupa huo kwa koleo na kuuzungusha, kiungo kitalegea. Ndipo uhamishie kwenye moto mkali dakika chache kila upande, kwa sababu rangi ya kahawia na harufu ile tunayoijua hutokea sehemu ya juu inapokauka na kufika kama nyuzi 140.

Ondoa, weka kwenye ubao ambao haukuguswa na nyama mbichi, na uiache itulie dakika kumi kabla ya kukata. Kata kukingama na nyuzi za nyama. Sehemu iliyoungua ikawa nyeusi ikatwe na kutupwa. Kama siku hiyo unachoma kuku wa Singida, mpime kwa kipimajoto kwenye paja, karibu na mfupa. Afike nyuzi 74.

Kuifanya iwe sehemu ya maisha

Chagua siku moja ya wiki, au ya kila wiki mbili, na uwatangazie watu. Shughuli hii huzaa matunda ikiwa na ratiba, kwani majirani huja kwa uhakika na watoto huanza kuisubiri. Toa maelekezo ya wazi ya kila mmoja kuleta kitu: mmoja alete nyanya na vitunguu, mwingine unga wa uwele au mtama, mwingine mlenda, ili gharama isimwelemee mtu mmoja na pasiwepo mgeni asiye na sehemu yake. Mboga ziwe nyingi kuliko nyama. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na jibu la busara ni kuila kwa kiasi na kuila ikiwa nzuri.

Weka daftari. Andika aina ya kipande, umri wa mnyama, muda uliotumika, hali ya upepo, na wageni walisema nini. Mtu ambaye kazi yake ya ofisini haina mwisho unaoonekana hupata faraja ya kweli kwa kazi inayoanza saa nane na kukamilika saa kumi, ambayo matokeo yake yanaonekana na kuonjwa. Wapo watakaokushauri uifanye biashara. Inawezekana, kwa leseni na kupimwa afya kama sheria inavyotaka, lakini usikimbilie huko kabla hujafaidi miaka ya kuchoma kwa ajili ya watu wako.

Ukishaumudu mkono, mfundishe mtu mmoja, awe kijana wa jirani au mwanao, wa kike au wa kiume. Mpe shingo au mbavu chache, ambazo hazina gharama kubwa, na umwachie kona yake ya wavu na koleo lake. Mwonyeshe kipimo cha kiganja, mweleze sauti ya mafuta, kisha urudi kwenye kipande chako. Akigeuza mapema mno, mwache ajionee tofauti atakapoonja, akikuuliza, mjibu.