Somo: kusaka chanzo cha kelele chini ya fowili ya zamani

Kelele ya chini ya fowili, yaani gari linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, inasafiri. Inazaliwa mbele, inapita kwenye chesisi, na wewe uliyekaa kitini unaapa kwamba iko nyuma ya mgongo wako. Niliwahi kufungua difu ya nyuma (boksi la giya la katikati ya ekseli), nikabadilisha beringi za pinioni (giya ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu), nikafunga, nikaingia barabarani: vuuuu ileile. Ilikuwa beringi ya gurudumu la mbele kushoto. Tangu siku ile naanza na swali moja tu: kelele hii inafuata nini? Mzunguko wa injini, mwendo wa gari, mzigo, au usukani? Ukilijibu vizuri, nusu ya kazi imekwisha kabla hujashika spana.

Hatua ya 1: Barabarani

Tafuta barabara tulivu, zima redio, fungua vioo. Fika kwenye mwendo ambao kelele inasikika vizuri, tuseme 60, kisha rudisha giya kutoka ya nne hadi ya tatu bila kubadili mwendo. Injini itapandisha mzunguko, lakini propela (mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kwenye difu) na magurudumu yatabaki yalivyokuwa. Kelele ikipanda pamoja na injini, tafuta kwenye injini, klachi au giaboksi. Isipobadilika, iko baada ya giaboksi: transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela, difu, ekseli, beringi za magurudumu au tairi zenyewe.

Sasa cheza na mafuta. Kanyaga, shikilia, achia. Krauni (giya kubwa ya difu inayozungushwa na pinioni) na pinioni zilizochakaa hulia mluzi unaobadilika kila unapobadili mguu: zinapiga kelele ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake. Beringi ya gurudumu haijali sana mguu wako, inajali usukani. Yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukipinda kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mvumo ukiongezeka hapo, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia.

Tairi za matope nazo huvuma, tena zimewadanganya mafundi wengi. Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka lami laini kuingia lami ya kokoto. Wa beringi haubadiliki.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia sana. Tairi ya kipenyo cha sentimita 80 inakwenda kama mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Kwa kilomita 60 kwa saa, inazunguka kati ya mara 6 na 7 kwa sekunde. Difu yako ikiwa ya uwiano wa 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, propela inazunguka kama mara 27 kwa sekunde hiyohiyo. Kwa hiyo mdundo ambao unakaribia kuuhesabu kwa vidole uko magurudumuni. Mtetemo wa haraka unaofanya kiti kiwashe makalio uko kwenye propela.

Hatua ya 2: Habu

Hii ni kwa fowili zisizovuta kwa magurudumu manne muda wote, zenye habu za kufunga kwa mkono (vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na ekseli). Habu zikiwa wazi na kijiti kikiwa 2H (kuvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma), difu na propela ya mbele zimelala. Funga habu, acha kijiti palepale 2H, kisha endesha. Sasa ekseli, difu na propela ya mbele zote zinazungushwa na magurudumu. Kelele ikijitokeza, umeshaibana mbele kwa kuinama mara mbili tu.

Usifanye jaribio hili kwa kuweka 4H (kuvuta kwa magurudumu manne) kwenye lami kavu. Mbele na nyuma zitavutana na utapata kelele nyingine mpya ambayo haikuwepo.

Hatua ya 3: Chini ya gari

Ardhi tambarare, kabari kwenye magurudumu, stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake haimlindi mtu. Na angalia jambo hili: kwenye Land Rover Series na Defender za zamani, hendibreki iko nyuma ya transfa na inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke hewani na gari linaweza kuondoka huku hendibreki imevutwa. Kabari kwanza, jeki baadaye.

Shika pande mbili za krosi (kiungo cha msalaba kwenye mwisho wa propela), kila mkono upande wake, uzizungushe kinyume. Krosi nzima haina mchezo hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake lina maana kwamba grisi imekwisha zamani. Krosi iliyokauka hulia kwi-kwi-kwi gari linapotambaa, kisha sauti inapotea mwendo ukipanda, na mwenye gari anadhani imepona.

Halafu sukuma flenji ya pinioni (sahani inayofungiwa propela kwa boliti) juu na chini. Kuzunguka kidogo kabla ya kushika ni kawaida, ni nafasi ya meno. Kucheza juu na chini si kawaida. Hapo beringi imekwisha. Fanya hivyohivyo kwenye flenji za transfa. Wenye Suzuki Samurai wasisahau propela fupi kati ya giaboksi na transfa, maana hiyo inazunguka kila gari linapotembea na wengi hawaikumbuki.

Hatua ya 4: Oili

Fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma, usiguse ya kumwagia, la sivyo utabaki na difu tupu isiyojazika. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino au beringi iliyovunjika. Oili ya rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

Hatua ya 5: Kutoa propela

Kama bado una shaka, toa propela moja uendeshe kwa nyingine. Piga alama ya rangi kwenye flenji na kwenye kiungo kinachoteleza, ili kila kitu kirudi kilipotoka. Fowili ya muda wote itahitaji ufunge difu ya kati (ile ya kwenye transfa), vinginevyo haitasogea. Na zile zenye hendibreki kwenye transfa, ukishatoa propela ya nyuma usiitegemee hendibreki tena.

Maswali

Swali: Fundi, yangu inagonga "ko!" moja nikiingiza giya ya kurudi nyuma. Krosi zote ni mpya.

Jibu: Paka grisi kwenye kiungo kinachoteleza cha propela, kikikauka kinagonga hivyohivyo. Kisha tazama raba za injini na giaboksi, na boliti za U zinazobana springi kwenye ekseli. Zikilegea, ekseli nzima inasogea na utalaumu difu bure.

Swali: Nimeinua gari sentimita 5, sasa linatetemeka kuanzia 70. Kabla ya hapo lilikuwa kimya.

Jibu: Pembe zimeharibika, ndugu yangu. Kwa propela yenye krosi moja kila mwisho, flenji ya transfa na ya pinioni zinatakiwa ziwe sambamba. Pima zote mbili kwa kipima pembe, kisha rekebisha ekseli kwa kabari za springi. Kusawazisha propela hakutasaidia.

Swali: Nikiweka oili nzito zaidi difu itanyamaza?

Jibu: Itanyamaza kwa muda huku inaendelea kujila. Weka iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na giaboksi ya zamani iliyoagizwa GL-4 usiijaze GL-5 (hizi ni daraja za oili ya giya) kwa kudhani ni bora zaidi; baadhi ya GL-5 zinakula sinkronaiza za shaba, zile pete zinazolainisha kubadili giya.

Swali: Mwalimu, nikipanda mlima kwa 4L (magurudumu manne, giya nzito) nasikia trrr-ko, trrr-ko, na gari linakosa nguvu. Nimeambiwa mnyororo wa transfa.

Jibu: Inawezekana, mnyororo ukirefuka unaruka meno. Ila habu iliyochakaa hulia vilevile, na hiyo ni rahisi kuifungua. Weka 2H, inua gurudumu moja la mbele, funga habu zote mbili, zungusha gurudumu kwa mkono huku mwenzako anatazama propela ya mbele. Propela ikisimama au ikikatakata, anza na habu ya upande huo. Rudia upande wa pili kabla hujaigusa transfa.