Gari jipya mkononi: mambo ya kuzingatia kabla ya kulitoa barabara kuu ya Malindi

Magari mengi tunayoyaita mapya hapa Malindi ni mapya kwetu tu. Yametumika Japani miaka kadhaa, yakapakiwa melini, yakashushwa bandari ya Mombasa, na Kenya haiyapokei yakishapita umri wa miaka 8. Mwenyewe hukabidhiwa ufunguo huko huko Mombasa, akalipeleka nyumbani kilomita zipatazo 120 kupitia Mtwapa na Kilifi, mara nyingi jua likizama na ndugu wamejaa ndani. Yaani anaanza kulijua gari mahali pagumu kuliko pote. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote, ni huu: ukiweza, mtafute dereva aliyezoea gari la aina hiyo akuletee, nawe ukae kando yake utazame. Kulizoea kuanzie mtaani kwako, asubuhi, gari likiwa tupu.

Mwili wako bado uko katika gari la zamani. Mguu unajua breki ile ilitaka kukanyagwa kiasi gani, mikono inajua usukani ulizungushwaje, jicho linajua tairi la kushoto lilipita wapi. Mazoea hayo hayabadiliki kwa siku moja. Ndiyo maana siku za mwanzo utasema gari linayumba, au ni gumu, au breki zake kali, na huenda hakuna ubovu wowote. Huenda pia upo. Kazi yako ya majuma ya kwanza ni kutenganisha tabia ya gari na kasoro ya gari, na huwezi kuyatenganisha kabla hujaweka mambo ya msingi sawa.

La msingi kabisa ni matairi. Fungua mlango wa dereva, inama, tazama kwenye nguzo ya mlango: kuna karatasi iliyobandikwa yenye vipimo vya upepo vya matairi ya mbele na ya nyuma. Gari la Japani litakuonyesha namba kama 220 au 230, nazo ni kPa, kipimo cha shinikizo la upepo. Mashine nyingi za upepo hapa kwetu husoma psi, kipimo kingine cha shinikizo hilo, kwa hiyo gawanya kwa 7 utapata jibu la karibu sana: 230 ni kama 33. Usikubali kijana wa kituo cha petroli ajaze 40 kwa sababu wateja wote huwajazia hivyo. Upepo ukizidi, gari hudundadunda, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo matairi hayashiki chini sawasawa. Ukipungua, gari huyumba kwenye kona na kuta za tairi huchemka, na joto letu la mwezi wa pili halisaidii. Pima asubuhi kabla hujatembea mbali. Ukipima mchana tairi likiwa moto utakuta namba imepanda, ukaupunguza, na kesho yake asubuhi ukaamkia matairi yenye upepo pungufu.

Ukiwa hapo hapo umeinama, soma ubavu wa tairi. Kuna namba nne zilizofungiwa pamoja, mbili za mwanzo ni juma na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3519 ni juma la 35 la mwaka 2019. Halafu tafuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Ukiliona neno hilo, gari limekuja na matairi ya baridi kali. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa barafu ya kaskazini ya Japani. Kwenye lami ya moto ya Malindi hulegea na kuisha haraka, na mvua ikinyesha gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Mtu anaweza kuzunguka kwa mafundi akibadilisha kila kitu kwa sababu gari "linaelea", kumbe ni matairi. Yabadilishe kabla hujatoa hukumu yoyote juu ya gari lenyewe.

Kisha kaa ndani na usiwashe kwanza. Sogeza kiti hadi uweze kukanyaga breki mpaka mwisho na goti bado limekunjika kidogo. Mgongo ukiwa umeegemea, nyoosha mkono: kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kubanduka kitini. Vioo virekebishe baada ya kiti, si kabla. Kama unatoka kwenye gari la Ulaya, indiketa ilikuwa mkono wa kushoto. Katika gari la Japani iko kulia, na kwa siku kadhaa utakuwa unawasha waipa kila unapotaka kukata kona. Hilo si hatari sana. Hatari ni hendibreki ya mguu. Magari mengi ya otomatiki kutoka Japani yana pedali ndogo upande wa kushoto kabisa, pale pale mguu uliozoea klachi hupenda kwenda. Ukiikanyaga gari likiwa mbioni, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga. Ufundishe mguu wa kushoto kupumzika mahali pake kabla hujaondoka uwanjani.

Breki nazitaka uzipe muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Tafuta kipande cha barabara kilicho kitupu na kinachoonekana mbele na nyuma, asubuhi mapema kabla bodaboda na tuktuk hazijaamka. Anza mwendo wa 20, kanyaga polepole hadi gari lisimame, sikiliza pedali inaanza kukamata wapi. Rudia kwa 40, kisha 60. Utagundua breki inakamata juu kabisa au chini karibu na sakafu, na utajua gari hupiga mbizi kiasi gani mbele. Halafu, ukihakikisha tena kwamba hakuna mtu nyuma, kanyaga kwa nguvu zote ukiwa kwenye 40. Kama gari lina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, pedali itatetemeka chini ya mguu na utasikia mkwaruzo. Wengi wakisikia hivyo mara ya kwanza huachilia mguu kwa hofu, na hapo ndipo ajali hutokea. Usiachilie, endelea kukanyaga na uelekeze usukani unapotaka kwenda. Ni heri uijue sauti ile hapo kuliko uikute mbele ya mbuzi pale Matsangoni. Ukumbuke pia kwamba mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi mara nne, na kwenye mwendo wa 80 gari hula kama mita 22 kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye mchanga na changarawe, ABS hurefusha umbali huo zaidi.

Mwenye gari la haibridi, yaani la injini ya mafuta na mota ya umeme, ana la ziada. Mguu wa kwanza wa breki hautumii pedi sana, unatumia mota inayorudisha chaji kwenye betri, ndiyo maana pedali huhisi tofauti. Na gari likienda kwa umeme halisikiki kwa urahisi. Katika vichochoro vya Shella, ambako watoto hucheza njiani na wazee hutembea katikati wakisikiliza tu mngurumo nyuma yao, usitegemee kwamba wamekusikia.

Sasa urefu na uzito. Aliyetoka kwenye gari la chini la watu watano akaingia kwenye gari refu la familia lazima ajue kwamba uzito umepanda juu. Kwenye kona gari litalala zaidi, na kila kona lataka mwendo mdogo kuliko uliozoea. Punguza kabla ya kona, si ndani yake. Gari likiwa tupu litarukaruka kama mashua isiyo na shehena; usilaumu shokabzoba bado. Pakia watu kadhaa wazima na mizigo yao, uende taratibu, usikie tofauti. Kisha waulize waliokaa nyuma, kwa maana dereva ndiye wa mwisho kujua. Bibi mmoja wa jirani alipandishwa kiti cha nyuma kabisa cha gari jipya, na baada ya matuta mawili akamwita kijana aliyekuwa akiendesha: "Mwanangu, hapo mbele wewe hulisikii. Huku nyuma lanitupa. Punguza." Alikuwa na haki. Kiti kilicho juu ya magurudumu ya nyuma hupokea kila kishindo.

Kuhusu matuta, na njia ya Gede kwenda Watamu inayo ya kutosha: maliza kufunga breki kabla ya tuta, kisha achilia mguu gari linapopanda. Ukilipanda huku umekanyaga breki, pua ya gari imeinama, springi zimeshabanwa, na bampa au sehemu ya chini ya injini ndiyo itakayogusa. Tuta ulilolipita peke yako bila tatizo laweza kukukwaruza siku umebeba watu sita. Jua urefu huo mapema, hasa kama gari limeshushwa.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni ukingo wa lami. Barabara yetu kuu ina sehemu ambazo lami huishia ghafla, na chini kuna mchanga. Kwa kuwa bado hujui tairi la kushoto liko wapi, siku moja litashuka. Mtu akishtuka akavuta usukani kwa nguvu kurudi juu, tairi hung'ang'ania ule ukingo, kisha hupanda ghafla na gari likarushwa upande wa pili, mbele ya lori linalokuja. Kwa gari refu ni kupinduka. Ukishuka, shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, acha mwendo upungue, kisha rudi kwa utulivu mahali ambapo ukingo ni mfupi. Kujizoesha, simama sambamba na mstari wa kuegesha magari, shuka utazame tairi la kushoto lilivyokaa, rudi kitini uone mstari ule unaonekana wapi kwenye kioo cha mbele. Rudia mpaka usihitaji kushuka.

Baada ya hayo yote ndipo unaweza kusema hiki ni tabia na hiki ni kasoro. Gari kuvutika kidogo upande wa kushoto barabarani ni kawaida, kwa sababu lami imeinuliwa katikati ili maji yatiririke kando. Likivutika hata kwenye eneo tambarare, peleka alainimenti, magurudumu yanyooshwe. Usukani kutetemeka ukifika 80 au 90 kwa kawaida ni balansi ya magurudumu. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, tazama diski. Mgogoto wa "go go go" kwenye mashimo madogo humwelekeza fundi kwenye bushi na viungo vya chini. Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako kisha uachilie: likipanda, likashuka na kutulia, sawa, likiendelea kubembea, shokabzoba imechoka, na huenda ukaona mafuta yamevuja juu yake. Injini kunguruma kwa sauti moja huku mwendo ukipanda polepole ni kawaida ya gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Gari kushtukashtuka wakati wa kuondoka si kawaida. Na mwambie fundi alinyanyue aangalie kutu chini, maana chumvi ya bahari haitasubiri, hasa kwa anayelaza gari karibu na ufuo.

Njia za kujizoesha zipande daraja. Siku za kwanza mjini, ambako hata hivyo kikomo ni 50. Kisha vuka daraja la Sabaki uende Mambrui na kurudi, utasikia pia jinsi upepo wa baharini unavyolisukuma gari refu. Kisha Gede. Safari ya usiku iache hadi umeshaizoea ya mchana, kwa sababu kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna waendesha baiskeli wasio na taa, na ukibeba mzigo nyuma taa zako huinuka na kuwapofusha wanaokuja. Magari mengi yana kidude kidogo chenye namba kuanzia 0. Namba ikipanda, mwanga unashuka. Mvua ya kwanza ya masika nayo iogope kwa dhati. Vumbi na mafuta ya miezi ya kaskazi bado yako juu ya lami, na yakichanganyika na maji machache huteleza kuliko mvua kubwa ya siku ya tatu. Mpira wa waipa uliokaushwa na jua ubadilishe kabla ya wakati huo.

La mwisho kabla ya kuwapakia wazee kwenda Mombasa: fungua buti, nyanyua zulia. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana tairi la spea, yana chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi ile huziba tundu la msumari. Haizibi ubavu uliochanwa na jiwe la matumbawe, na njia zetu za ndani zimejaa mawe hayo. Nunua spea ya saizi inayolingana, hakikisha jeki na wili spana vipo, kisha badilisha tairi moja mwenyewe ukiwa nyumbani, kivulini, uone kama nati zinafunguka.