Kununua na Kuendesha Gari la Spoti Lililotumika: Mwongozo kwa Mkazi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Anayetamani gari la spoti la milango miwili katika ukanda huu wetu anapaswa kuzikagua barabara zake kabla hajaanza kukagua injini. Magari haya yako chini sana. Toyota 86, kwa mfano, ina nafasi ya takriban sentimita 13 tu kati ya tumbo lake na lami, na matuta mengi ya vijijini yalijengwa bila mtu yeyote kufikiria gari la aina hiyo. Mkazi wa Milimani, Nakuru, ambaye njia yake yote ni lami anaweza kulimiliki mwaka mzima bila taabu, lakini mtu ambaye kilomita mbili za mwisho kufika kwake ni udongo mweusi wa nyanda za Kano atakwama mvua za masika zikianza, hata gari liwe zima kiasi gani. Kwa hiyo chukua futi, upime kimo cha tuta baya zaidi unalolivuka kila siku, kisha uangalie jinsi njia inavyoinuka kuingia langoni mwako. Ukigundua kwamba bampa ya mbele itagusa saruji kila jioni, ama urekebishe mwinuko huo kabla ya kununua, ama utafute gari jingine.

Jambo la pili ni mwinuko wa nchi yenyewe. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban mita 1,130, na barabara ya kwenda Eldoret hupita mita 2,700 kule Timboroa. Injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi, na hivyo injini iliyoandikiwa nguvu za farasi 200 hubaki na takriban 160 inapofika Nakuru. Injini yenye tabo huhisi upungufu huo kwa kiasi kidogo. Nalisema hili mapema kwa sababu wanunuzi wengi hulijaribu gari, wakaliona zito, wakashawishiwa kubadilisha ekzosti na kichujio cha hewa kwa fedha ambazo zingenunua matairi mapya manne, ilhali injini haikuwa na kasoro yoyote.

Kuhusu aina ya gari, pendekezo langu kwa anayeanza ni Toyota 86 au pacha wake, Subaru BRZ, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2012 yakiwa na injini ya lita 2.0 yenye silinda zilizolala, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ni mepesi, hayana tabo ya kuchakaa, na fundi aliyezoea Subaru, ambao ni wengi Nakuru na Kisumu, hatashangaa akifungua boneti. Yana mambo mawili ya kuangaliwa. Mwishoni mwa 2018 watengenezaji waliyaita tena magari ya miaka ya kwanza, hasa ya 2012 na 2013, ili yabadilishwe springi za vali, kazi inayohitaji injini kushushwa. Mwulize muuzaji kama kazi hiyo ilifanyika, na namba ya chasisi itumike kuthibitisha, kwa kuwa tovuti za watengenezaji huonyesha hali ya wito wa aina hiyo. La pili ni petroli: mgandamizo wa injini hiyo ni wa juu, 12.5 kwa 1, na gari lililoundwa kwa soko la Japani lilikusudiwa petroli ya oktani ya juu, hivyo hesabu gharama ya petroli bora inayouzwa kwenye vituo vikubwa badala ya ile ya kawaida.

Mercedes-Benz C-Class na BMW 4 Series za milango miwili ni za starehe zaidi katika safari ndefu ya Kisumu hadi Nairobi, na tabo zake huzifaa nchi za juu. Hata hivyo hesabu kwanza ni nani atakayezitengeneza, maana kompyuta ya uchunguzi inayosoma magari hayo kikamilifu na fundi anayeelewa inachosema ni vigumu kuvipata pamoja nje ya Nairobi. Mazda RX-8 nayo, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, ina injini ya rota za pembe tatu badala ya pistoni, ambayo huchoma oili kidogo kwa jinsi ilivyoundwa na hupoteza mgandamizo rota zikichakaa. Ikiwa hakuna fundi anayeweza kupima mgandamizo wa kila rota mbele yako, iache, hata bei ikiwa ya kuvutia. Na mara nyingi bei hiyo inavutia kwa sababu hiyohiyo.

Kuagiza au kununua hapa nchini

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na lazima usukani uwe upande wa kulia. Ushuru wa forodha wa magari yaliyotumika umekuwa asilimia 35 tangu 2023, na juu yake huja ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na ada nyingine, huku KRA, mamlaka ya kodi, ikikokotoa kutokana na orodha yake yenyewe ya bei za magari mapya na wala si kutokana na risiti yako. Anayeagiza aombe karatasi ya mnada wa Japani: alama ya R au RA humaanisha gari liliwahi kugongwa na kurekebishwa, na mchoro ulio pembeni huonyesha kila mahali palipokwaruzwa au kupakwa rangi upya. Muuzaji anayekutumia picha nzuri nyingi na kukosa karatasi hiyo amekwisha kukujibu.

Gari la hapa nchini huwa nafuu, na unaweza kulilalia chini ukalitazama, jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kabla hujasafiri kwenda kuliona, lipa ada ndogo ya kutafuta taarifa zake kwenye huduma ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Majibu yatakuonyesha jina la mwenye gari, rangi, mwaka, namba ya chasisi na namba ya injini. Ikiwa benki au kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja na mwenye gari, usitoe hata shilingi ya kushika bei mpaka mkopeshaji huyo athibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha.

Ukaguzi

Fika asubuhi, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti; ikiwa ina joto, huenda injini imepashwa moto ili kuficha jambo. Wakati injini ingali baridi, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utando wa rangi ya maziwa, ambao huweza kuwa ishara ya maji kuchanganyika na oili, kisha mwambie mwenzako aliwashe nawe ukiwa umesimama nyuma. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke wa kawaida wa asubuhi ya Nakuru. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na moshi mweupe mzito usiokoma wenye harufu tamu ni maji ya radieta yanayoingia ndani ya silinda.

Baada ya hapo nenda chini. Peleka gari kwenye kituo chenye rampu au shimo, na mwenye gari akikataa, muage kwa heshima uondoke, kwa kuwa gari la chini husimulia maisha yake yote kupitia tumbo lake. Angalia sehemu ya kuwekea jeki pembeni: ikiwa imekunjwa na kupakwa rangi nyeusi nzito, lilipigwa na mawe au lilivutwa vibaya. Pitisha kidole kwenye bushi za mikono inayoshika magurudumu ya mbele utafute mipasuko ya mpira, na uangalie shoki kama zina unyevu wa mafuta. Ondoa zulia la buti utazame sakafu yake; mabati ya kiwandani yana vidoto vya kuchomelea vilivyopangwa kwa umbali sawa, nayo ya gereji huwa na mistari iliyosagwa na lami mpya iliyopakwa juu yake. Mtu aliyegongwa nyuma hutengeneza bampa vizuri sana, lakini ni wachache wanaorudia kazi ya sakafu.

Kwa magari yaliyoishi Kisumu, Ahero au Nyando, ukaguzi wa mafuriko ni wa lazima. Vuta mkanda wa kiti wote hadi mwisho, kwa sababu anayesafisha gari lililozama huosha sehemu inayoonekana na kusahau ile iliyojikunja ndani ya nguzo, na hapo utaona mstari wa tope la kahawia ukikatisha kitambaa. Ingiza mkono chini ya kiti uguse reli na bolti zake. Kutu kwenye bolti hizo, ndani ya gari ambalo halijafikisha miaka 10, ni sababu tosha ya kushuku mafuriko. Gari lililozama linaweza kutembea vizuri kwa miezi kadhaa kabla ya nyaya zake kuanza kuliwa na kutu, na hakuna punguzo la bei linalofidia hilo.

Matairi yana tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka zaidi ya sita lihesabu kuwa la kutupa, hata kama nyuzi zake ni nzima, na papasa upande wa ndani wa kila tairi utafute uvimbe uliosababishwa na shimo. Kwa klachi, panda mlima kwa gia ya nne ukiwa na mwendo wa wastani, kisha kanyaga mafuta yote. Mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha.

Ukiridhika, afikiana bei huku ukibaki na fedha pembeni. Maoni yangu ni kwamba asiyeweza kubaki na angalau sehemu moja ya tano ya bei kwa ajili ya matairi, breki, oili zote na bima bado hajafikia gari hilo, na anafaa kuteremka daraja moja. Baadhi ya kampuni za bima hutoza zaidi kwa gari la spoti au huuliza kuhusu marekebisho yake. Eleza kila kitu kilichobadilishwa, kwa kuwa kilichofichwa kinaweza kuwa sababu ya dai lako kukataliwa. Malipo ya mwisho yaende sambamba na uhamishaji wa umiliki: muuzaji huanzisha kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe unakubali kwenye yako. Ahadi ya kuhamisha wiki ijayo isikubaliwe, hata kama muuzaji ni mtu wa kwenu.

Kuendesha

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hubadilika tabia barabara inapolowa, na eneo la Kericho hunyeshewa alasiri nyingi za mwaka. Usizime mfumo wa kuzuia kuteleza, na unapotoka kwenye mzunguko wa barabara au kona iliyolowa, nyoosha usukani kwanza ndipo uongeze mafuta. Pale Salgaa na popote malori yanapoegeshwa kwa wingi, dizeli humwagika na kuonekana kama upinde wa mvua juu ya lami. Hapo usifunge breki kwa ghafla wala usibadilishe gia katikati ya kona.

Mteremko wa Sachangwan umeua watu wengi, na gari lenye breki nzuri si kinga. Shuka kwa gia ya tatu au ya nne ili injini ikuzuie, gusa breki kwa vipindi badala ya kuziburuta, na uache nafasi kubwa nyuma ya lori, ukikumbuka kwamba lililo nyuma yako ndilo la kuogopwa zaidi. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya maji, nayo huchemka breki zikipata joto, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kuanzia Awasi kuelekea Chemelil na Muhoroni, trela za miwa hutembea usiku zikiwa na taa hafifu au bila taa, na miwa iliyoanguka ina urefu wa kutosha kuingia chini ya bampa na kuing'oa. Katika gari la chini macho yako yako chini pia, na huoni juu ya gari lililo mbele. Kwa hiyo subira ya kupita wengine lazima iwe kubwa kuliko ulivyozoea. Kwenye vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na boda boda hutokea kando bila kukuona, kwa kuwa gari lako liko chini sana.

Tuta refu livuke kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, ukiwa karibu umesimama, ikiwa nafasi ipo na hakuna anayekupita. Rimu za inchi 17 za 86 huvaa tairi la 215/45, na kwa barabara zetu ni busara kuteremka hadi rimu za inchi 16 zenye 205/55, saizi ambayo kiwanda chenyewe kiliitumia, kwa sababu ukuta wake mrefu humeza mashimo ambayo tairi lenye ukuta mfupi huyapeleka moja kwa moja kwenye rimu. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi kila wiki mbili, badilisha oili kila kilomita 5,000, na baada ya kila shimo lililokushtua, rudisha gari kwa fundi wa kunyoosha magurudumu kabla halijala upande mmoja wa matairi hayo mapya.