Somo: Kurushiana mafaili simu kwa simu, kwa usalama na kwa kusaidiana

Wakuu, somo hili ni la wale wanaokaa pamoja, mmoja ana faili ambalo wote wanalihitaji. Kila mtu kulipakua upya ni kuchoma bando bure wakati simu zenyewe zinaweza kupeana. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: hatari kubwa haiko hewani. Ukitumia programu nzuri, data husafiri ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa fumbo ambalo mtu mwingine njiani hawezi kulisoma. Hatari iko kwa anayebonyeza "kubali" bila kujua nani katuma.

Hatua ya 1: Chagua njia. Bluetuthi peke yake ni ya picha moja moja. Kasi yake halisi ni kama megabiti 2 kwa sekunde, hivyo faili la GB 1 litakula zaidi ya saa nzima. Quick Share ya Android na AirDrop ya iPhone hutumia bluetuthi kutafutana tu, kisha mzigo hupita kwa waifai kati ya simu na simu, na dakika chache zinatosha. Kikundi kikiwa na simu mchanganyiko na kompyuta, wekeni programu ya LocalSend. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi (yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa), na inafanya kazi mkiwa kwenye mtandao mmoja hata kama intaneti hakuna.

Hatua ya 2: Tambuaneni. Quick Share huonyesha namba fupi ileile kwenye skrini zote mbili. Isomeni kwa sauti, zikitofautiana kataa. LocalSend huipa kila simu jina la kubuni, sifa fulani na tunda, kwa hiyo badilisheni majina kwanza ili msije mkamtumia mgeni aliye jirani.

Hatua ya 3: Pokezaneni. Aliye na faili asimtumie kila mtu. Ampe mmoja, hao wawili wawape wengine wawili, wanakuwa wanne, halafu nane, 16, 32. Mizunguko mitano tu, badala ya mtu mmoja kutuma mara 31 huku simu yake ikichemka. Kila jozi iwe na muunganiko wake na mkae mbalimbali kidogo, maana mkijazana kwenye hotspoti moja mnagawana kasi ileile.

Hatua ya 4: Hakikini. Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo roho ya somo zima. Faili likishapita mikono minne, usimbaji umelinda safari tu, haukuambii kama mtu wa pili hakuchezea kilichomo. Dawa ni hashi ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na kilichomo ndani ya faili. Mwenye faili la asili analipitisha kwenye programu ya kuhakiki (kwenye kompyuta ya Linux ni amri ya `sha256sum`) na kupata mstari wa herufi na tarakimu 64. Anauandika mahali wote wanapouona, au anawatumia yeye mwenyewe. Kila aliyepokea naye anapitisha lake na kulinganisha mstari wote, si mwanzo tu. Biti moja (chembe ndogo kabisa ya data) ikibadilika, mstari unakuwa mwingine kabisa. Hashi iliyoletwa na mtu wa kati pamoja na faili usiiamini: aliyeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na hashi.

Hatua ya 5: Fungeni. Mkimaliza, rudisheni mwonekano uwe wa watu mnaowajua tu, au uzimeni. Kwenye iPhone, tangu iOS 16.2, chaguo la "kila mtu" hujifunga baada ya dakika 10.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikiwasha hotspoti hawa jamaa hawatanimalizia bando?
Jibu: Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima data na kuacha hotspoti ikiwaka. Mafaili yatapita, intaneti haitatoka. Weka pasiwedi.

Swali: Tuko waifai moja ya umma lakini LocalSend haituonyeshi.
Jibu: Mitandao mingi ya umma huzuia vifaa kuonana, na ni jambo jema kwa usalama. Mmoja wenu awashe hotspoti, wengine mjiunge hapo.

Swali: Nimerushiwa APK (faili la kuweka programu kwenye Android), niweke?
Jibu: Kama programu hiyo tayari unayo, Android hulinganisha saini ya kidijitali ya mtengenezaji na kukataa sasisho lililosainiwa na mtu mwingine. Ikiwa ni mpya kwenye simu yako, ulinzi huo haupo. Pata hashi kutoka kwa mtengenezaji, vinginevyo iache.

Swali: Nikiweka AirDrop "anwani tu" (wanipate wale tu niliohifadhi namba zao), nimejificha kabisa?
Jibu: Hapana, ndugu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba simu zinapotafutana hubadilishana hashi za namba za simu, na namba ya simu ni fupi kiasi kwamba kompyuta inaweza kujaribu zote hadi ipate yako. Kwenye mkusanyiko wa watu usiowajua, zima upokeaji na usifungue ukurasa wa kutuma.