Karamu ya fumbo la mauaji: anza na muuaji

Ukiwaandalia marafiki karamu ya kumsaka muuaji, anzia mwisho. Amua kwanza nani aliua, kwa nini, na kosa gani dogo litamfichua, ndipo utunge wahusika wengine.

Kwa Nairobi napendekeza treni ya usiku ya kwenda Mombasa, miaka ya 1950. Sebule inageuka behewa la kulia chakula, na mavazi yapo soko la mitumba la Gikomba: kofia za zamani, makoti mazito, gauni za maua. Mtumie kila mtu uhusika na siri yake kwa WhatsApp siku chache kabla, ili aje ameshaizoea.

Shida kubwa huwa kwenye vidokezi. Kila ukweli muhimu uwekee viwili au vitatu, maana kimoja kitaishia chini ya sahani ya pilau bila kuonwa. Viandike kwenye karatasi. Tiketi iliyotobolewa mahali pasipofaa inasisimua kuliko ujumbe wa simu, na stima ikipotea mchezo unaendelea kwa mshumaa.

Rafiki anayekwama Thika Road kila Ijumaa usimpe uhusika wa muuaji. Mfanye afisa wa polisi anayepandia njiani, kituo cha Voi.