Julai 14 Dodoma: jogoo wa mvinyo na nguo za kushinda upepo

Ufaransa husherehekea sikukuu ya taifa Julai 14, siku ambayo watu wa Paris waliivamia ngome ya Bastille mwaka 1789. Sheria iliifanya sikukuu rasmi mwaka 1880. Kwao ni majira ya joto. Dodoma ni kipupwe, mchana jua na upepo wa vumbi, jioni baridi. Panga chakula na nguo kwa kuangalia hilo.

Chakula kinachoufaa mji huu ni coq au vin, yaani jogoo aliyepikwa kwa mvinyo, kwa sababu zabibu na mvinyo viko hapahapa. Tafuta jogoo wa kienyeji aliyekomaa, kilo 1.5 hadi 2, kwa watu sita. Kuku wa kisasa atasambaratika kabla mchuzi haujakolea.

Nunua chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, mililita 750, na usome lebo: uwe mkavu, yaani usio mtamu. Mtamu ukipungua jikoni hugeuka shira, na hapo hakuna chumvi ya kuuokoa. Usiku wa kuamkia sikukuu, loweka vipande vya nyama humo pamoja na kitunguu, karoti 2, punje 4 za kitunguu saumu na thaimu. Tumia bakuli la kioo au la udongo; alumini huliwa na tindikali ya mvinyo, na nyama hubaki na ladha ya chuma.

Asubuhi chuja, kisha futa kila kipande kikauke kabisa. Nyama yenye majimaji haikaangiki, inachemka tu, na mchuzi utakuwa mwepesi usio na rangi. Kaanga hadi iwe kahawia, nyunyiza vijiko 2 vya unga wa ngano, geuza dakika 2, rudisha viungo, mimina mvinyo na kikombe cha supu. Uache uchemke wazi dakika 10, ndipo ufunike na kupunguza mkaa. Hesabu saa 2 na nusu hadi 3: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo nyama ngumu huchelewa. Uyoga gramu 250, uliokaangwa pembeni, uingie dakika 20 za mwisho. Andaa na viazi vya kuchemsha.

Pombe haiishi yote kwa kupikwa, hivyo waambie wageni mapema. Kwa wasiotumia, pika sufuria nyingine kwa juisi ya zabibu isiyo na sukari na vijiko 2 vya siki.

Kitindamlo ni chepesi, kwa mpangilio wa bendera ya Ufaransa yenye bluu, nyeupe na nyekundu: zabibu nyeusi kushoto, mtindi mzito katikati, tikiti kulia. Tikiti liwekwe mwisho kabisa, maji yake hutia mtindi rangi.

Upande wa nguo, fulana ya mistari ya bluu na nyeupe ya mabaharia wa Ufaransa inatosha, na suruali au sketi ya pamba. Sketi iwe ya kubana kidogo au ndefu, maana pana itapeperuka. Kofia ya ukindu ishonewe kamba ya kidevuni. Ukishona nguo ya rangi za bendera, kitambaa chekundu kifuliwe peke yake kabla ya kumpelekea fundi, kisije kikachuja rangi kwenye cheupe. Raba nyeupe zitakuwa nyekundu kwa vumbi kabla ya saa nane. Vaa za kahawia. Sweta au shuka liwe karibu saa kumi na mbili jioni.

Ukipamba kwa bendera, mistari isimame wima, bluu upande wa mlingoti. Ukiilaza, nyekundu juu, umetundika ya Uholanzi.